Mdogo Ndiye Anayeuliza

Bulawayo, 13 Septemba 1987

Zalman mdogo wangu,

Pokea salamu, na safari hii zijibu, maana nimechoka kuzituma kama mtu anayerusha mawe kisimani asisikie hata maji. Mimi ni mzima wa kadiri. Magoti yananitesa kila nikisimama, na sukari daktari anasema ipo ipo tu. Leon wangu ameandika kutoka Perth, mkewe kajifungua mtoto wa kike, wamempa jina la mama yetu. Furahi basi, umepata mama wa kumbeba mgongoni.

Huku joto limeanza na mvua hakuna. Mwaka Mpya wetu Wayahudi unaingia mwezi huu huu, na wa kupiga baragumu amebaki mzee Lurie peke yake. Mwaka jana sauti ya ile pembe ilitoka kama ng'ombe anayezaa. Tuliinama wote nyuma ya vitabu tukicheka. Baba alikuwa akisema baragumu ni la kumwamsha aliyelala rohoni. Basi niamini, siku ile hakulala mtu.

Nimekupigia simu tangu mwezi wa sita. Inalia, inalia, hupokei. Umehama? Umeoa? Kama umeoa niambie, sitakasirika sana.

Sasa jambo lenyewe. Pasaka ijayo nakutaka mezani kwangu. Najua ni miezi zaidi ya sita mbele. Nakuandikia mapema ili usije ukaniambia hukuambiwa. Wageni wapo wa kutosha: akina Zlotnik na watoto wao, na Daktari Hirsch na dada yake. Meza itajaa mpaka barazani. Lakini wa kuuliza maswali manne ya kitabu cha Pasaka hayupo, na sheria unaijua, mdogo wa nyumba ndiye anayeuliza. Una miaka sitini na tisa na bado ndiwe mdogo wetu. Hiyo kazi hujastaafu.

Dada yako,
Bluma


Cape Town, 22 Oktoba 1987

Dada Bluma, shikamoo.

Barua yako niliipata kabla ya sikukuu, nikasema nitajibu kesho, na kesho ikazaa kesho. Nisamehe. Hongera kwa mjukuu. Mimi sijambo, nakunywa supu nyingi. Upepo wa huku unavuma tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo natembea na skafu shingoni kama bwana wa Kiingereza.

Simu yangu imeharibika. Mafundi wamesema watakuja.

Siku ya Upatanisho nilifunga salama. Nilikaa safu ya nyuma karibu na mlango, pana hewa. Sikukuu ya Vibanda ndiyo ilituchekesha. Mwenye jengo letu alikataza vibanda kwenye vibaraza, basi jirani yangu akajenga chake juu ya paa la gereji, kwa makuti na mashuka ya mkewe. Siku ya pili upepo ukakinyanyua kizima ukakitua barabarani mbele ya basi. Najua kibanda kimekusudiwa kutukumbusha kwamba jangwani hatukuwa na nyumba ya kudumu, lakini sidhani babu zetu walikikimbiza chao mtaani wakiwa na kijiko mkononi.

Kuhusu Pasaka, kuna watu wa hapa Sea Point wameniomba nikaongoze nyimbo mezani kwao. Nimeshawaitikia. Unajua mtu akishaitikia.

Wasalimie akina Zlotnik.

Mdogo wako,
Zalman


Bulawayo, 20 Desemba 1987

Zalman,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mvua imenyesha mara mbili, mbwa wa jirani amekufa, na leo usiku nawasha taa ya sita ya Hanuka. Naziweka dirishani kama mama alivyotaka, ili wapita njia wauone muujiza. Wapita njia wa mtaa huu wanadhani ni umeme umekatika. Jana mmoja aligonga mlango kunipa pole.

Mabhena ndiye aliyecheka zaidi. Unamkumbuka Mabhena? Ni yule jirani wa nyumba ya kona, mstaafu wa reli, mjane kama mimi. Kila mwaka kabla ya Pasaka namwuzia mkate wangu wote, unga, tambi na ile wiski ya marehemu Benno, ili nyumba isiwe na chachu inayoitwa yangu. Sikukuu ikiisha ananiuzia tena. Jana kaniambia, "Mama Gordin, mwaka mmoja nitakataa kukurudishia. Ile wiski nimeiota." Nikamwambia ijaribu, utaniona.

Haya, tuyaache ya Mabhena. Umewaitikia watu wa Sea Point. Ala! Watu wa Sea Point hawana watoto? Hawana wajukuu? Mji mzima una sinagogi kila kona, na wanamhitaji mzee wa Bulawayo aende kuwaulizia maswali?

Umesahau baba alivyotufundisha. Kila jambo la ajabu mezani usiku ule, kuchovya mboga kwenye maji ya chumvi, kula tukiwa tumeegemea upande wa kushoto kama wafalme, kuiondoa sahani hata kabla mtu hajaonja, yote yaliwekwa kwa sababu moja tu, mtoto ashangae aulize. Wewe ulikuwa na miaka minne. Baba akanyanyua sahani, nawe ukapiga kelele kabla ya zamu yako, "Baba, mbona unaondoa chakula na mimi nina njaa?" Mama akakufinya. Baba akapiga makofi, akasema, "Mwacheni! Ametuondolea! Aliyeuliza kwa njaa yake mwenyewe ametuondolea maswali ya kitabuni." Tukaingia moja kwa moja kwenye simulizi, nawe ukalia kwa sababu ulikuwa umefundishwa wimbo wiki tatu na sasa huuimbi. Ikabidi uimbe hata hivyo.

Na kila mwaka alisema neno lile lile: mtumwa haulizi. Mtumwa huambiwa beba tofali akabeba. Siku alipouliza kwa nini, siku hiyo ndipo alipotoka Misri. Baba, aliyekimbia Lithuania akiwa amevaa viatu vya kaka yake, alilijua hilo bila kusoma popote.

Njoo uulize. Sina neno jingine.

Bluma


Cape Town, 2 Februari 1988

Dada,

Salamu. Afya si mbaya. Jua kali.

Siwezi kuja. Tafadhali usiniulize tena. Mwambie mtoto mmoja wa Zlotnik aulize, wale wana sauti nzuri.

Zalman


Bulawayo, 4 Machi 1988

Zalman,

Leo sikusalimu. Nitakusalimu mwishoni kama moyo utakuwa umepoa.

Jana ilikuwa Purimu. Tulisoma kitabu cha Esta, wanawake wanne na mzee Lurie, tukapiga miguu chini kila lilipotajwa jina la Hamani, miguu yenyewe ya kuvimba. Nilirudi nyumbani na vile vikeki vya mbegu, nikavitazama, nikasema hivi alivipenda Zalman. Nikaenda posta nikaomba simu ya Cape Town. Nilikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi.

Ikapokelewa! Nikasikia mtu anapumua. Nikasema, "Zalman?" Kimya. Nikasema, "Zalman, ni mimi Bluma, sema basi, simu inakula pesa." Kimya, na pumzi ya ajabu, kama upepo chini ya mlango. Nikadhani ni mwizi kaingia kwako. Nikamtukana kwa Kiyidishi. Hakukata. Basi sijui nini kilinipanda kichwani, nikaimba mstari wa kwanza wa maswali, pale pale posta mbele za watu: mbona usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote?

Nikasikia mtu anagonga. Tak, tak-tak, tak. Kwa ukucha, juu ya simu yenyewe. Aliugonga mstari wa pili kwa mapigo yake, akauharakisha mahali pale pale unapouharakisha wewe tangu utoto na baba akikukemea.

Halafu laini ikakatika.

Mimi si mtoto, Zalman. Nimemzika baba, nimemzika mama. Ndugu yetu Hertz alizikwa na watu wengine jangwani wakati wa vita, kaburi lake silijui. Nimemzika Benno. Niambie kuna nini. Ukiniandikia tena habari za upepo nitaichana barua.

Salamu.
Bluma


Cape Town, 12 Machi 1988

Dada yangu,

Shikamoo. Keti kwanza.

Sina sauti. Mwezi wa tano mwaka jana walinikata koo. Ilikuwa saratani, na sanduku la sauti wameliondoa lote. Napumua kwa tundu hapa shingoni, ndiyo sababu ya skafu. Simu haijaharibika. Inalia, nami nakaa kuiangalia. Siku ya Purimu nilijua ni wewe, nikashindwa kutoipokea.

Najua utakachosema kuhusu sigara. Umekisema miaka arobaini, na umeshinda.

Watu wa Sea Point niliwatunga. Safu ya nyuma ni kweli, nakaa huko ili wasiniombe nipande kusoma Torati. Mimi niliyeongoza maombi ya mwisho, ya kufunga malango ya mbinguni, kila Siku ya Upatanisho, mwaka jana nilisimama, daftari langu la kuongelea nimeliacha nyumbani, nikifungua na kufunga mdomo kama samaki. Mtoto mmoja alinitazama akamvuta baba yake nguo.

Sasa umejua. Hiyo meza yako imejaa watu, nami nije nikae katikati yao kufanya nini? Unamkumbuka baba alivyotugawia wale wana wanne wa kitabuni? Wewe ulikuwa mwenye hekima. Hertz alikuwa mwovu, na alijivunia. Mimi nilikuwa yule mnyofu anayesema tu, "Hii ni nini?" Wa nne, asiyejua kuuliza, hatukuwa naye. Baba alimwekea kiti kitupu tukamcheka.

Basi kiti kimepata mwenyewe. Mtumwa haulizi, wewe mwenyewe umenikumbusha. Niache huku.

Zalman


Bulawayo, 18 Machi 1988

Zalman, Zalman, mtoto wa mama yangu,

Nimelia, nimemaliza. Mabhena amenipikia chai yenye sukari ambayo siruhusiwi, nikainywa yote.

Mficha maradhi kifo humwumbua. Hukulijua hilo? Miezi kumi! Umekatwa shingo, umelala hospitali, nani alikuletea supu? Nani alikaa kando yako? Nimekasirika kiasi kwamba ungekuwa hapa ningekupiga na kijiko cha mti, halafu ningekukumbatia, halafu ningekupiga tena.

Na mimi nikwambie yangu, maana tumeanza kuvuana nguo.

Hakuna akina Zlotnik. Walihamia Israeli miaka miwili iliyopita. Daktari Hirsch amekufa, dada yake yuko Durban kwa binti yake. Mzee Lurie huenda kula Pasaka kwa mwanawe Harare, na wale wanawake wa Purimu kila mmoja huenda kwa wanawe. Meza yangu haina mtu, Zalman. Mwaka jana nilitandika kitambaa cha mama, nikaweka sahani na mzizi mkali na mfupa na yai, nikawasha mishumaa, nikakaa peke yangu. Sheria inasema aliye peke yake ajiulize mwenyewe. Nikajiuliza. Nilipofika swali la pili nikaona haya, kama mtu aliyeshikwa akiongea na ukuta. Nikaruka maswali. Nikala yai nikiwa nimesimama jikoni, nikaenda kulala. Sikufungua hata mlango. Baba alisema huko kwao walifungua mlango usiku ule ili majirani waliokuwa wakiwasingizia kwamba wanakula damu waingie waone, hapa pana mkate na divai tu, na pia ili nabii Eliya asikute pamefungwa. Mimi nilipiga komeo.

Nilikudanganya kuhusu wageni kwa sababu nilijua ukisikia niko peke yangu utakuja kwa huruma, na mimi huruma siitaki. Nilitaka uje kwa sababu meza ni yako.

Sasa nisikilize. Umekisoma kitabu miaka sitini na tano na hujakisoma. Kinasema nini kuhusu mwana wa nne? Hakisemi mfukuzeni, wala hakisemi mwacheni huko huko Cape Town. Kinasema, "Na yule asiyejua kuuliza, wewe mfungulie." Wewe, mwenye hekima, mwenye mdomo, ndiwe umfungulie mazungumzo. Baba hakukiweka kile kiti kwa mzaha.

Kwa hiyo njoo. Mwaka huu nitauliza mimi kwa niaba yako, kwa sauti yangu ya kunguru, na wewe utakaa ule. Kitabu kinaimba habari za majira ya kuchipua na huku kwetu kusini majani yanaanguka, lakini tumezoea kusherehekea kinyumenyume. Chumba cha nyuma nimekifagia. Hakuna hata punje ya mkate.

Bluma


SIMU YA MAANDISHI
Cape Town, 28 Machi 1988

NAFIKA ALHAMISI KWA TRENI. SUPU ISIWE MOTO SANA. ZALMAN


Cape Town, 17 Aprili 1988

Dada Bluma, shikamoo.

Nimefika salama. Safari ilikuwa ndefu na mgongo unalalamika, lakini ndani ya mfuko wa chakula ulichonifungia nilikuta kuku mzima ambaye sikumwona ukimpika. Mwanamke niliyekaa naye alimtazama yule kuku kwa jicho lililonilazimu kumpa paja.

Mpe Mabhena salamu. Alikuja kunipokea stesheni amevaa kofia yake ya reli, akaniongelesha njia nzima bila kungoja jibu. Wengine huniongelesha kwa sauti kubwa, kana kwamba niliondolewa hata masikio.

Nakuandikia kwa sababu una swali lako ambalo sijalijibu. Unalikumbuka? Ulimaliza manne ya kitabuni, nami nikikugongea mapigo mezani, ingawa wapo marabi wanaokataza hata kugonga meza siku ya Sabato. Halafu ukafunga kitabu ukaniuliza la tano: "Na wewe, mbona hukuniambia?" Nikatia mkono mfukoni kutafuta daftari na penseli. Mfuko mtupu. Ilikuwa Ijumaa jioni, Sabato na sikukuu vimeingia pamoja, kuandika ni marufuku, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeliacha daftari chumbani kabla ya mishumaa. Nikakuona unakumbuka. Ukaweka mkono mdomoni, uso wako ukawa mwekundu. Mwenye hekima! Umekuwa nami tangu Alhamisi, ukaniuliza saa ile ile nisiyoweza kuandika. Nilicheka mpaka tundu likapiga filimbi, nawe ukacheka, ukamwaga divai kwenye kitambaa cha mama.

Sikukuu ilipopita hukuuliza tena, na mimi sikuandika. Tulifanya kama limesahauliwa. Jibu lenyewe ni hili.

Niliogopa. Kufa si sana, ila niliogopa kukaa mezani pako halafu uniimbie polepole kwa huruma, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Niliogopa utaufungua mlango utazame nyuma yangu ukimtafuta Zalman mwenye sauti. Na kweli ulitazama nyuma yangu, Dada, nilikuona. Nikataka kurudi kwenye gari. Ndipo uliposema, "Umekonda. Ingia, unaingiza nzi." Na wimbo uliuimba vibaya kama ulivyouimba vibaya maisha yako yote, na nilipokosea mapigo ukanipiga teke chini ya meza. Tangu wanikate hakuna mtu aliyenipiga teke. Wote wananishika mkono.

Nilipogonga pale mezani nilijiona nimeuliza. Sijui kama baba angekubali, lakini mimi nimekubali.

Daktari anataka kunitazama tena mwezi ujao. Mambo madogo. Huku upepo umetulia.

Chumba cha nyuma kiache kilivyo.

Mdogo wako,
Zalman


Bulawayo, 30 Aprili 1989

Zalman mdogo wangu,

Sista Arendse wa wodi yako ameniandikia. Anasema mkono hauna nguvu ya kushika penseli tena, ila masikio yako mazima na unasikia kila neno. Basi namwomba akusomee barua hii polepole, na wewe usijifanye umelala. Sista, akifumba macho mfinye.

Mimi sijambo. Visa ya kuja kwako bado wanaizungusha, kila nikienda ofisini kwao naambiwa rudi Jumatatu. Magoti ni yale yale. Leon ameleta picha ya mtoto, ana paji la uso la mama na masikio yako, maskini.

Pasaka imepita, nataka nikusimulie.

Sikutaka kuiandaa. Nikwambie ukweli, nilichoka. Nilisema mwaka huu nitakula mkate usio na chachu jikoni, basi. Nilimwuzia Mabhena mkate na wiski kama kawaida, na jioni ile akaja kubisha hodi kwa sababu alikuwa amesahau miwani yake kwangu. Akanikuta nimekaa gizani. Akasema, "Mama Gordin, leo si ndiyo sikukuu yenu? Mbona nyumba ina msiba?" Nikaona aibu. Nikasema kaa. Akavua kofia yake ya reli kwa heshima, nikamwambia airudishe kichwani, kwetu heshima ni kuivaa. Akashangaa, akaivaa.

Nikatandika kitambaa, kile chenye doa la divai. Nikaweka sahani. Nikamega mkate vipande viwili, nikaficha kimoja. Yeye ananitazama tu. Nikafika kwenye maswali.

Zalman, nilikaa pale nikafikiri, mdogo wa nyumba hii ni nani? Mabhena ni mgeni na ana miaka themanini. Nilizaliwa wa kwanza kati ya watoto watatu, na sasa mezani kwa baba ndimi mdogo, maana ndimi pekee. Nikafungua mdomo niulize. Sauti haikutoka. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema hata siku moja! Nikajua kidogo tu, kidogo sana, ulivyokaa na simu ile ikilia.

Basi nikafanya kama wewe. Nikagonga. Tak, tak-tak, tak. Mstari wa kwanza, wa pili. Nikauharakisha pale unapouharakisha.

Mabhena akaweka mikono yake mikubwa mezani, akaniinamia, akasema, "Mama Gordin, mbona unagonga? Unambishia hodi nani?"

Nikaacha kugonga. Nilisikia makofi ya baba, Zalman, nakuapia. Nikasema, "Ametuondolea!" Nikapiga kelele kabisa, Mabhena akashtuka akadhani nimepatwa na wazimu. Nikacheka na kulia. Sauti yangu ikarudi yote.

Nikaanza kumsimulia. Tulikuwa watumwa wa Farao huko Misri. Habari ya matofali akaijua haraka kuliko mimi. Akasema reli ilimweka miaka thelathini, na siku ya kwanza msimamizi alimwambia, "Wewe usiulize, tia makaa." Nikamwambia basi leo uliza mpaka uchoke. Akauliza! Mbona yai? Mbona mzizi unawasha pua? Yule nabii uliyemwekea kikombe anakunywaje divai isipungue? Mengine sikuyajua nikasema sijui. Na alipouliza tena, hodi ile nilimbishia nani, nikamsimulia wewe. Mvulana wa miaka minne mwenye njaa, na mzee aliyekuja kwa treni na skafu shingoni. Hilo nalo nililisimulia kama la kitabuni, lote, mpaka teke.

Tulipofika mahali pa kufungua mlango magoti yaligoma. Akaenda yeye. Akaufungua wazi, upepo ukayumbisha mishumaa, akasimama pale na kofia yake akitazama barabarani. Akauliza, "Niuache wazi mpaka lini?" Nikamwambia uache.

Umeachwa wazi hadi leo, ule wa ndani, wa chumba cha nyuma. Shuka nimebadilisha.

Sasa Sista Arendse ataweka barua chini. Kama umenisikia, gonga ubao wa kitanda, naye ataniandikia.

Dada yako,
Bluma